Jina tu limebadilika, ripoti 43 zimezima: uchambuzi wa kisa kimoja cha metadata, yaani majina na muundo wa data

Jumatatu asubuhi hata sijakaa vizuri kwenye kiti, simu imeshajaa meseji. "Kaka dashibodi imekufa." "Mbona mauzo hayaonekani?" "Mmezima system bila kutuambia?" Alafu picha za skrini zikaanza kumiminika, zote zinafanana, masanduku ya kijivu yenye maneno ya kwamba chati haiwezi kuonyeshwa, kuna shida kwenye kolamu au kipimo fulani. Sio ripoti moja wala mbili. Nikakimbilia ukurasa wa rifreshi, unaoonyesha kama data mpya imeingia salama, nikijua nitakuta nyekundu, nikakuta kijani. Ijumaa usiku kijani, Jumamosi kijani, Jumapili kijani, Jumatatu alfajiri kijani. Data imeingia yote, hakuna hata onyo moja. Hapo ndo nikaanza kuogopa kweli, maana nyekundu angalau inakuonyesha pa kuanzia, kijani haikuambii kitu.

Ngoja nieleze kwanza mambo yamekaaje. Tunatumia Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti na chati. Kuna modeli moja kubwa ya pamoja, ndani yake kuna majedwali, mahusiano kati ya majedwali, na vipimo, yaani zile formula za DAX, lugha ya mahesabu ya Power BI, kama jumla ya mauzo, asilimia ya faida, wateja wapya na kadhalika. Juu ya modeli hiyo zimejengwa ripoti 43 ambazo hazina data ya kwao, faili la ripoti lina kurasa na chati tu, ukiifungua inaiuliza modeli nipe jumla_mauzo kwa kila mwezi, modeli inajibu, chati inachorwa. Mpangilio mzuri sana, formula inaandikwa mara moja na kila mtu anapata namba ileile, na mi mwenyewe ndo niliupigia debe mpaka ukakubalika. Ila ripoti na modeli ni mafaili mawili yanayoishi mbalimbali, na kinachoyaunganisha ni jina. Sio namba ya siri, sio kitambulisho, ni jina lile lile unaloliona kwenye orodha upande wa kulia.

Sasa Ijumaa jioni mwenzangu mmoja, kijana mzuri tu anayejua kazi, aliamua kusafisha majina. Na kusema ukweli yalikuwa yanatia aibu, m_jumla_mauzo, m_wastani_bei, kol_mkoa_mteja, vitu vya namna hiyo vilivyobaki tangu enzi za mtu aliyejenga modeli mwanzoni. Kila mtumiaji mpya alikuwa analalamika. Kijana akafungua Tabular Editor, programu ya kuhariri modeli, akaunganisha moja kwa moja na modeli iliyo hewani kupitia XMLA, mlango wa kuihariri ikiwa kwenye seva, akaandika skripti fupi ya C# ya kupita kila kipimo na kila kolamu, kuondoa kile kiambishi cha mbele, kubadilisha mistari ya chini kuwa nafasi na kuweka herufi kubwa. Kazi ya dakika kumi. Majina 187 yakabadilika kwa mkupuo.

Na hakuwa mzembe, hilo nataka lieleweke. Kabla hajagusa kitu alisevu nakala ya muundo wote wa modeli kama faili la .bim. Baada ya kubadilisha akaendesha Best Practice Analyzer, ile sehemu ya Tabular Editor inayokagua modeli kwa kanuni ulizoiwekea, ikatoka safi. Akafungua vipimo vichache akaona formula zote zimejirekebisha zenyewe, palipokuwa na [m_jumla_mauzo] pameandikwa [Jumla Mauzo], maana Tabular Editor ukibadilisha jina la kitu inafuatilia kila formula ndani ya modeli inayokitaja na kuirekebisha. Akaendesha rifreshi, ikapita. Akaenda zake nyumbani.

Rifreshi ilipita kwa sababu kila kolamu kwenye modeli ina mambo mawili, jina lake, na sehemu nyingine iitwayo sourceColumn inayosema kwenye chanzo cha data inaitwaje. Yeye alibadilisha la kwanza, la pili halikuguswa. Kwa hiyo data iliendelea kuingia kama kawaida kwenye kolamu zenye majina mapya. Ukiitazama modeli peke yake, ilikuwa nzima kuliko ilivyokuwa Alhamisi.

Kilichokufa ni ripoti, na zana zote alizotumia haziioni ripoti. Tabular Editor inaona modeli. Best Practice Analyzer inaona modeli. Hata ukiiuliza seva yenyewe kwa $SYSTEM.DISCOVER_CALC_DEPENDENCY, ambayo inakuorodheshea kitu gani kinategemea kitu gani, inakujibu yaliyo ndani ya modeli tu, kipimo hiki kinatumia kolamu ile, basi. Ripoti 43 ziko nje ya uzio. Kijana aliuliza "kuna kitu kimevunjika humu ndani?" akajibiwa hapana, na jibu lilikuwa la kweli kabisa.

Kuna kitu kinachowachanganya watu hapa na nadhani ndo kilichomponza. Ukifanya kazi kwenye Power BI Desktop, ile ya kwenye kompyuta yako, na faili lina modeli na ripoti pamoja, ukibadilisha jina la kipimo, chati zote za faili lile zinafuata. Unazoea. Miaka unabadilisha majina na hakuna kinachotokea, mwisho unaamini jina ni pambo. Siku modeli inapokuwa ya pamoja na ripoti zinaishi kwingine, hakuna wa kuzipelekea taarifa.

Nilishawahi kufanya kazi na programu nyingine za aina hii kabla, na kila moja imeamua suala hili kivyake, na zana zake za kutengeneza zinatokana na uamuzi huo. MicroStrategy kila kitu kina kitambulisho cha herufi na tarakimu 32, jina ni la kusomwa na binadamu tu, unabadilisha unavyotaka. BusinessObjects ripoti za Web Intelligence zinashika kitambulisho cha kitu kwenye universe, yaani modeli yao, kwa hiyo balaa lake ni kinyume cha letu: mtu anafuta kitu alafu anakitengeneza upya kwa jina lile lile herufi kwa herufi, anadhani amerudisha, kumbe kitambulisho ni kingine na ripoti hazikitambui. Oracle BI ripoti zinashika jina kama Power BI, ila walishaona mbali, ukibadilisha jina kwenye tabaka la maonyesho la ile repository, yaani faili la modeli yao, jina la zamani linabaki kama lakabu, ripoti za zamani zinaendelea kupita kwa mlango huo. Mi naona huo ndo uamuzi wa busara kuliko yote kwa mfumo unaotumia majina, na ningependa sana Power BI wangekuwa na kitu hicho kwa kolamu.

Na Power BI kitambulisho kipo! Hilo ndo lilikuja kutuokoa. Kila jedwali, kolamu na kipimo kilichotengenezwa kwenye Desktop kina lineageTag, ile kamba ndefu ya herufi na namba, na haibadiliki ukibadilisha jina. Chati tu ndo haziitumii, zenyewe zinashika jina la jedwali na jina la kolamu.

Turudi Jumatatu. Mpaka saa tatu tulikuwa tumeshajua kilichotokea, kijana mwenyewe alikiri hata kabla sijauliza. Sasa mjadala ukawa tunatengenezaje, na hapa nataka niende taratibu maana tulikaribia kuharibu zaidi mara tatu.

Wazo la kwanza lilitoka juu: "si mrudishe lile faili la zamani mlipablishi tena?" Linasikika rahisi. Shida ni kwamba modeli ile ina rifreshi ya nyongeza, yaani jedwali kubwa la miamala limekatwa vipande vya miezi na miaka na kila usiku vinaguswa vile vya karibuni tu. Ukipablishi PBIX, yaani faili la Desktop, juu yake vile vipande vinafutika, na rifreshi inayofuata inabidi ivute historia yote upya kutoka mwanzo. Kwetu hiyo ni kazi ya usiku mzima na zaidi, na chanzo chenyewe hakipendi. Alafu lile PBIX lilikuwa la miezi mingi nyuma, tangu tuanze kuhariri kupitia XMLA hatukuweza tena kulishusha kutoka kwenye huduma ya mtandaoni, kwa hiyo lingekuja pia na formula za kale. Nikakataa.

Wazo la pili lilikuwa langu na naliona aibu mpaka leo. Tuna .bim ya Ijumaa, si tuirushe hiyo? Nikafungua ALM Toolkit, zana ya bure ya kulinganisha modeli mbili, kushoto nakala ya Ijumaa kulia modeli ya sasa, nikabonyeza kulinganisha. Orodha ikatoka ndefu kama mkeka. Kila kipimo kimetokea mara mbili, kimoja "hakipo upande wa pili, kitengenezwe", kingine "hakipo upande wa kwanza, kifutwe". ALM Toolkit nayo inalinganisha kwa majina, haijui kwamba m_jumla_mauzo na Jumla Mauzo ni mtu mmoja aliyebadilisha shati. Kwa vipimo hiyo sio kesi, formula ikifutwa na kuandikwa tena ni ileile. Kwa kolamu ni kesi kubwa, maana muundo ukitumwa kwa namna hiyo kolamu yenye jina lingine ni kolamu mpya, na kolamu mpya haina data mpaka jedwali lichakatwe upya. Tumerudi palepale kwenye kuvuta historia yote. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuchagua zote. Kilichonizuia sio akili, ni kwamba chini kabisa ya orodha niliona vipimo vinne nisivyovijua vikiwa vimepangwa kufutwa. Kuuliza, kumbe dada mmoja wa timu ya fedha aliviongeza Jumamosi kwa ajili ya kikao chake, na alirekebisha formula ya kimoja cha zamani pia. Ningebonyeza, kazi yake yote ilikuwa inaondoka kimya kimya na yeye angegundua mbele ya wakubwa zake.

Wakati mi nahangaika na hilo, kijana alikuwa anajaribu wazo la tatu, kwenda mbele badala ya kurudi nyuma: tuache majina mapya, turekebishe ripoti. Akachukua ripoti moja muhimu, ya faida kwa mwezi, akaondoa vipimo vilivyokufa kwenye kila chati na kuburuta vipya. Nusu saa, ripoti ikafufuka, watu wakapiga makofi kwenye grupu. Tukaanza kuhesabu, nusu saa mara 43, tukigawana watu wanne inawezekana mpaka jioni kesho.

Alafu dada wa fedha akapiga simu. "Samahani, hii asilimia ya faida ya mwezi uliopita mmeigusa?" Tukasema hapana, tumerudisha tu chati. Akasema mbona alhamisi ilikuwa 21 leo ni 18.

Hapa ndo kisa kinabadilika kabisa maana mpaka dakika hiyo tulidhani tuna tatizo la chati kutoonekana. Kumbe tuna namba ya uongo iliyovaa vizuri.

Modeli yetu ina kundi la mahesabu ya muda, ile sehemu ambapo unaandika mara moja "mwaka mpaka sasa" na inafanya kazi kwa kila kipimo. Mtu wa zamani aliyeliandika alijua kuna vipimo ambavyo vinatakiwa vibaki vya mwezi husika, asilimia na wastani, kwa hiyo aliweka sharti ndani: kama SELECTEDMEASURENAME(), inayotaja jina la kipimo kinachoulizwa, ni moja kati ya "m_asilimia_faida" au "m_wastani_bei" basi rudisha kipimo kama kilivyo, vinginevyo kokotoa mwaka mpaka sasa. Angalia zile alama za nukuu. Hayo majina ndani ya nukuu sio marejeleo ya kipimo, ni maandishi tu. Tabular Editor iliporekebisha formula zote Ijumaa haikuyagusa, na ilifanya sahihi kutoyagusa, haiwezi kujua kwamba hayo maandishi ni jina la mtu na sio salamu. Kwa hiyo baada ya majina kubadilika, sharti halikutimia tena kwa kipimo chochote, asilimia ya faida ikaanza kukokotolewa mwaka mpaka sasa, na 18 ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Hakuna kosa, hakuna onyo, kijani.

(Angetumia ISSELECTEDMEASURE([m_asilimia_faida]) badala ya ile ya nukuu, jina lingefuatiliwa na kurekebishwa kama formula nyingine yoyote. Tulipokuja kupekua tukakuta mahali patatu penye mtego huo huo. Siku hizi nikikuta SELECTEDMEASURENAME ikilinganishwa na jina la kipimo ndani ya nukuu kwenye modeli ya mtu namuuliza kwa nini.)

Simu ile ilimaliza mjadala. Kwenda mbele kulimaanisha kila ripoti tunayofufua inaweza kuwa inatoa namba isiyo sahihi bila sisi kujua. Bora ripoti iliyokufa, hakuna anayeifanyia uamuzi. Tukaizima ile moja iliyofufuliwa, tukatuma taarifa moja fupi kwa wote kwamba namba za leo msizitumie mpaka tuseme, na tukaamua: majina yanarudi yote kama yalivyokuwa Ijumaa mchana, bila kugusa data, bila kugusa kazi ya Jumamosi.

Jinsi tulivyofanya, na hii ndo sehemu ambayo ningependa mtu mwenye shida kama yetu aisome polepole. Kwanza nikasevu .bim ya hali ilivyo sasa, mbovu hivyo hivyo, maana ukiharibu kitu kilichoharibika bila nakala unabaki huna hata ule uharibifu wa mwanzo wa kuuchunguza. Sasa nina mafaili mawili ya .bim, ya Ijumaa na ya Jumatatu. Haya ni JSON ya kawaida, yanasomeka hata na programu ya kuandikia. Nikaandika skripti ndogo ya kuchukua kila kolamu na kila kipimo kutoka kila faili, lineageTag na jina, na kuyaoanisha kwa lineageTag. Palipo na tag ileile na majina mawili tofauti, huyo ndo tunayemtafuta. Ikatoka jedwali la safu mbili, jina la sasa na jina la kurudishia. Kati ya majina 187, mia moja sabini na sita yalioana yenyewe. Kumi na moja yalikuwa ya vipimo vilivyotengenezwa kwa zana nyingine bila tag, hayo tukayaoanisha kwa macho, kijana anasoma formula na mi natiki. Vipimo vinne vya dada wa fedha havikuwa na mwenza upande wa Ijumaa kwa hiyo havikuguswa, na formula aliyorekebisha ilibaki na marekebisho yake maana tulikuwa tunarudisha jina la kipimo, hatumwagi kipimo kizima.

Alafu Tabular Editor ileile iliyofanya uharibifu ndo iliyotengeneza. Ukiunganisha na modeli iliyo hewani na kubadilisha jina la kolamu kwa njia hiyo, seva inaelewa kwamba ni kolamu ileile imebadilishwa jina, data inabaki mahali pake. Hii ni tofauti kabisa na kutuma muundo mzima kama faili. Skripti ikasoma lile jedwali mstari kwa mstari, ikatafuta kitu chenye jina la sasa, ikakipa jina la zamani, formula zikajirekebisha kurudi nyuma, nikasevu. Kulikuwa na kolamu chache za kukokotolewa ambazo formula zake ziliguswa, kwa hiyo tukamaliza kwa rifreshi ya aina ya calculate, ambayo haivuti chochote kutoka kwenye chanzo, inakokotoa upya tu vile vinavyotegemea formula. Kutoka kubonyeza mpaka kuisha haikufika robo saa. Maandalizi ndo yalikula masaa.

Kabla ya kutangaza tukapima. Tulikuwa tumefungua DAX Studio, programu ya kuiuliza modeli maswali, pembeni na maswali kumi na mbili tuliyoyachomoa kwenye ripoti muhimu kwa ile sehemu ya Desktop inayopima kasi ya chati, inakuruhusu kunakili swali lenyewe ambalo chati inaliuliza. Kabla ya kurudisha majina, maswali yote kumi na mbili yalikuwa yanatoa kosa. Baada ya kurudisha yote yakajibu. Alafu tukamwita dada wa fedha atuletee namba zake za Alhamisi alizokuwa amezichapisha kwenye karatasi, tukalinganisha moja moja. 21 ikarudi kuwa 21. Hiyo karatasi yake ndo ilikuwa kipimo chetu bora siku ile kuliko programu yoyote, na hatukuwa tumeipanga.

Ripoti 43 zikafufuka zenyewe bila kuguswa hata moja. Watu wakashukuru, mi nikamwambia kijana asiende nyumbani bado.

Maana swali lilibaki: kwani ni ripoti 43 tu zinazotegemea modeli hii? Power BI ina uchambuzi wa athari, unabonyeza kwenye modeli inakuonyesha ripoti na dashibodi zinazoitegemea hata zile za maeneo mengine ya kazi. Ila inakuambia ripoti fulani inategemea modeli fulani, haishuki mpaka kwenye kolamu. Kwa kushuka mpaka huko tulitumia Measure Killer, inachambua modeli pamoja na ripoti zake na kukuambia kipimo gani kinatumika wapi na kipi hakitumiki popote. Lakini yote hayo hayaoni mtu aliyefungua Excel akaunganisha pivot table moja kwa moja na modeli. Huyo yupo kwenye kompyuta yake tu. Na Excel ina tabia yake, jina likipotea haipigi kelele, ukirifreshi ile sehemu inaondoka tu kwenye pivot.

Kuwapata hao tuliacha DAX Studio ikisikiliza maswali yote yanayoingia kwenye modeli kwa siku mbili za kazi. Ripoti za Power BI zinauliza kwa DAX, Excel inauliza kwa MDX, lugha nyingine ya maswali, kwa hiyo ukichuja MDX peke yake unaona majina ya watu. Tulitegemea watatu wanne. Walikuwa kumi na saba. Mmoja wao alikuwa na faili ambalo linalisha lingine ambalo linalisha lingine, sikutaka hata kujua mwisho wake.

Majina mabaya bado tulitaka yaondoke, hilo halikubadilika, na kijana alikuwa sahihi tangu mwanzo kwamba yanatia aibu. Safari hii tulienda jedwali moja kwa wiki. Kwa vipimo kuna ujanja mzuri: unatengeneza kipimo kipya chenye jina zuri kinachobeba formula halisi, alafu kile cha zamani unakiacha kikiwa na mstari mmoja tu unaoita kipya, unakipa umbizo lilelile la namba, na unakificha. Kilichofichwa hakionekani kwenye orodha lakini ripoti na Excel zinazokiita zinaendelea kujibiwa. Yaani ile lakabu ya Oracle tunaitengeneza kwa mkono. Ila kumbuka kundi la mahesabu, ripoti ikiita jina la zamani, SELECTEDMEASURENAME inaona jina la zamani, ikiita jipya inaona jipya, kwa hiyo kabla ya lolote tulibadilisha zile sehemu tatu ziwe ISSELECTEDMEASURE na kuorodhesha vyote viwili.

Kolamu hazina ujanja huo. Huko ilibidi ripoti na modeli zibadilike usiku mmoja pamoja. Tulizifungua ripoti na kuzisevu kama PBIP, mfumo ule uliotoka kwa majaribio 2023 ambao unaisambaza ripoti kuwa folda ya mafaili ya maandishi, na kwa umbizo jipya la ripoti lililofuata 2024 kila chati ina faili lake la visual.json. Ndani yake jina la jedwali liko kwenye Entity, jina la kolamu kwenye Property, na yote mawili yanarudi tena yameunganishwa kwenye queryRef. Usije ukafanya tafuta na badilisha ya kijinga kwenye folda nzima, tulijaribu kwenye nakala na neno "mkoa" likabadilika mpaka kwenye vichwa vya habari vya kurasa. Skripti iguse funguo hizo tu. Na usisahau vichujio, mpangilio wa chati, rangi zinazotegemea thamani, na hasa alamisho (bookmark), maana alamisho inabeba picha ya vichujio vya siku ilipotengenezwa, chati inaonekana nzima mpaka mtu abonyeze ile alamisho ndo kichujio cha zamani kinaamka kikiwa na jina la marehemu. Tuliikosa moja. Iligunduliwa wiki mbili baadaye, katikati ya kikao, kama ilivyo ada.

Kuna zile ripoti za kurasa za kuchapisha pia, za .rdl, swali lake la DAX limeandikwa ndani kwa mkono. Zilikuwa tatu, tukazifungua tukabadilisha, hakuna hadithi.

Kijana bado tuko naye na ndo anayeshika funguo za modeli siku hizi, mi nina ruhusa ya kuangalia tu na sitaki nyingine. Tabular Editor yake imeongezewa kanuni mbili kwenye Best Practice Analyzer, moja inapiga kelele ikikuta SELECTEDMEASURENAME ikifuatwa na nukuu, nyingine ikikuta kipimo kisicho na lineageTag. Vipimo vya zamani vilivyofichwa vimebaki sita. Vitano havijaulizwa na mtu tangu tuanze kusikiliza na vitafutwa mwisho wa mwezi. Cha sita, m_jumla_mauzo, kinaulizwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi na faili moja la Excel, na mwenye hilo faili tumeshamwandikia mara nne.